Mpini wa Kushoto

Muuzaji alitandaza kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akaweka bastola tatu, midomo yake ikielekea ukutani, kisha akaniuliza natumia mkono gani. "Wa kulia," nilimjibu kabla hajamaliza swali, kwa haraka ya mtu anayekana kosa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini swali dogo kama lile limenitoa jasho.

Nieleze kwanza, maana watu wakisikia bastola hufikiria majambazi. Hizi ni za michezo. Zinapiga risasi ndogo, zile za pointi tuu-tuu. Unasimama mita ishirini na tano kutoka kwenye karatasi yenye miduara, mkono mmoja umenyooka mbele, mwingine umeuficha mfukoni, na kazi yako yote ni kutotikisika. Basi. Hakuna kukimbia, hakuna kupiga kelele, hakuna adui. Mtu mzima unashindana na mapigo ya moyo wako mwenyewe, na mara nyingi unashindwa.

Mimi nafanya kazi ya makaratasi katika ofisi moja ya usafirishaji pale bandarini Durban. Zamani nilikuwa juu ya meli, nafunga makontena kwa vyuma virefu, mpaka siku chuma kimoja kilipochomoka na kuniangukia kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, pale mkono unapoungana na kiganja. Nikatiwa skrubu mbili. Mkono ukapona kwa kushika kalamu na kijiko, lakini ukiupa kazi ya kubeba kitu na kutulia, unaanza kutetemeka baada ya sekunde chache. Ndipo mwenzangu mmoja wa ofisini aliponipeleka kwenye klabu ya shabaha, akisema mchezo ule unafundisha mkono utulivu. Nilikwenda kwa mzaha. Nikabaki miaka sita.

Nilibaki kwa sababu pale hawakujali nimetoka wapi. Waliangalia karatasi yangu tu. Nina makazi ya kudumu, nina kila hati inayotakiwa, lakini kwa zaidi ya miaka ishirini jina langu katika nchi hii limeandikwa kwenye foleni tu: foleni ya vibali, foleni ya alama za vidole, foleni ya kusubiri kuitwa dirishani. Halafu mwaka ule klabu ikatangaza kwamba itapeleka timu ya watu wanne kwenye mashindano ya majimbo. Watatu walijulikana. Nafasi ya nne ingegombewa siku moja ya Jumamosi na mimi pamoja na msichana mmoja wa chuo kikuu, mpole, mwenye mkono kama umechomelewa ukutani. Niliitaka nafasi ile. Sioni haya kusema hivyo. Nilitaka kuvaa fulana ya timu na kusimama mahali kwa niaba ya watu wengine, walau mara moja kabla sijazeeka.

Ndiyo maana nilikuwa pale kaunta. Miaka yote nilikuwa natumia bastola ya klabu, dude la chuma tupu, na kiwiko changu kilikuwa kinalia. Ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa ndugu yake. Nikaishika, nikanyoosha mkono kuelekea ukutani, nikahesabu moyoni. Nilipofika nane ncha yake ikaanza kuchora miduara. Ya pili ilikuwa nafuu kidogo, lakini uzito wake wote ulikuwa mbele. Ya tatu ilikuwa na mwili wa alumini, na mtutu wake ulikuwa bomba jembamba la chuma lililovishwa alumini juu. Ilikuwa nyepesi kuliko pasi. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikamwambia muuzaji, hii.

Kocha wetu hakufurahi. Ni mzee Mhindi wa hapa hapa Durban, mwalimu mstaafu wa hesabu, na sote tunamwita Anko. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha darasani kwamba bastola nzito ina uvivu wake, mtikisiko mdogo hauiamshi, lakini nyepesi haifichi kitu. "Hiyo itasema kila unachokificha," alisema. Nikamjibu kwamba sifichi chochote. Akaniangalia juu ya miwani.

Anko huyo huyo ndiye aliyegundua, siku yangu ya kwanza kabisa, kwamba jicho langu linaloongoza ni la kushoto. Aliniambia nitengeneze kitundu kwa viganja viwili na kuiangalia saa ya ukutani, kisha nifunge jicho moja moja. Nilipofunga la kushoto, saa ikapotea. "Hutokea," alisema, "jicho la huku na mkono wa kule." Akabandika utepe mweupe kwenye kioo cha kushoto cha miwani yangu ili jicho la kulia lilazimike kufanya kazi. Nimepiga shabaha miaka sita na utepe ule. Nilijiona fundi.

Hapa ukinunua silaha huondoki nayo. Inabaki kwenye kasha la chuma la muuzaji mpaka leseni itoke, na leseni huchukua muda wake, miezi na miezi. Lakini mpini si silaha, ni kipande tu cha plastiki au mbao. Muuzaji aliufungua kwa skrubu moja akanipa niondoke nao, nikatafute fundi wa kunichongea mwingine unaofuata vidole vyangu. Mpini wa mchezo huu ndio nusu ya ushindi. Unatakiwa ukamate kiganja chote, kidole gumba kilale kwenye kitanda chake, na kila ukiushika ukae pale pale.

Fundi niliyemjua ni Mkongomani mmoja aliyeko Isipingo, kusini mwa Durban, nyuma kidogo ya stendi ya teksi, anatengeneza vitanda na makabati. Nikampelekea mpini wa plastiki na mguu wa kitanda changu cha zamani kilichovunjika, mninga mtupu, mzito na mwekundu. Akaunusa ule mguu kabla ya kuniuliza lolote.

"Hii iko bois ya kweli, grand," alisema, yaani mbao ya kweli, kaka, kwa Kifaransa chake. "Bon. Leta mukono."

Alinipa bonge la udongo wa kuchezea watoto, nikalibana kwa mkono wa kulia mpaka alama za vidole zikaingia. Akalizungusha mwangani, akakunja uso. Aliniambia nibane tena, na tena. Kila bonge lilitoka tofauti kidogo na lililotangulia. "Mukono yako haijui mwenyewe fasi yake," alisema. Nikamweleza habari za chuma na skrubu. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu asiyeridhika, akachukua penseli yake, na ghafla, bila kunionya, akanirushia.

Niliidaka. Niliidaka vizuri sana, mbele ya kifua, kwa mkono wa kushoto.

"Ah bon," alisema fundi, taratibu. "Grand, wewe iko gaucher. Mutu ya kushoto."

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Niliitupa penseli juu ya benchi nikamwambia achonge alichoagizwa, mimi si mtu wa kushoto, mimi naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, nimelelewa. Hilo neno la mwisho nililitamka kwa nguvu. Wasaidizi wake waliokuwa wanapiga msasa wakageuka kunitazama. Fundi akainua mikono miwili juu, akasema, "Sharp, grand, sharp," kisha akarudi kwenye udongo wake. Nilitembea mpaka stendi masikio yakiwa ya moto.

Nimelelewa. Tanga, nyumba yetu, mkeka wa chakula. Nilikuwa na miaka minne au mitano, na kila nikinyoosha mkono kwenye sinia ulikuwa unaenda ule. Wa chooni, ndivyo ulivyoitwa. Mama alinipiga vikofi, akanipaka pilipili, na alipochoka akachukua kipande cha kanga kuukuu akanifunga mkono wa kushoto kifuani, kila mlo, na kila nilipokwenda chuoni kusoma Kurani. Sikumbuki ilikuwa kwa muda gani. Nakumbuka fundo lilikuwa nyuma ya bega ambako sikuweza kulifikia, na wali ulinidondoka nguoni, na watoto wa jirani walisimama mlangoni kucheka. Siku moja akanifungua, nikanyoosha mkono wa kulia wenyewe, na nyumba nzima ikashangilia. Kisa kikaisha. Nikawa nakisimulia kama kichekesho.

Leseni ilitoka zikiwa zimebaki wiki nne kabla ya ile Jumamosi. Nikaenda kuichukua bastola, fundi wa silaha akairekebisha triga ili ifyatuke kwa uzito unaoruhusiwa, kilo moja kamili na si chini ya hapo, nikafunga mpini wa mninga, nikaenda uwanjani nikiwa na furaha ya bwana harusi.

Ilikuwa aibu. Karatasi ya kwanza matundu yalitawanyika. Karatasi ya pili yalitawanyika zaidi. Dude la zamani la chuma, pamoja na maumivu yake, lilikuwa linanipa pointi themanini na kitu kati ya mia katika kila risasi kumi. Hili zuri, jepesi, la gharama, likanipa sabini na mbili. Nikabadilisha kilengeo. Nikaweka kizito kidogo mbele ya mtutu, nikakitoa. Nikasogeza triga nyuma, nikairudisha. Nikapiga msasa pale kidole gumba kinapolala. Wiki mbili nilikuwa naichokonoa bastola ile kila nikitoka kazini, na kila nilichogusa kilifanya mambo yawe mabaya zaidi. Msichana wa chuo alikuwa anapiga karibu yangu, tundu juu ya tundu, ananisalimu kwa adabu. Nilimchukia kwa adabu yake.

Katikati ya hayo mama alikuwa amefika. Alikuja kukaa nami miezi mitatu, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Naishi peke yangu tangu ndoa yangu ilipovunjika, kwa hiyo alikuwa na nyumba nzima ya kukagua. Bastola nilimwonyesha siku ya pili, kwa sababu kasha la chuma lililofungwa ukutani lilikuwa limemkosesha raha. Alidhani naficha pombe.

Jioni nilikuwa nafanya mazoezi sebuleni, bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, nalenga doa jeusi ukutani. Mama alikaa kwenye kochi na tasbihi yake akinitazama.

"Baba, mbona unatetemeka?"

"Ni ule mkono ulioumia, mama."

"Umeumia au umeudhika?"

Alikuwa ananitazama mkono, si uso. Kisha akatazama kiganja chake mwenyewe cha kushoto, kile chenye kovu linalong'aa, la mafuta ya maandazi, ndivyo alivyotuambia siku zote, akakifumba.

Kesho yake nilikwenda Isipingo kugombana. Nilikuwa nimejipanga njiani: mpini umechongwa vibaya, mbao haikukauka, fundi wa vitanda ni fundi wa vitanda. Nikamwaga yote mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaingia ndani ya stoo, akatoka na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ulikuwa mpini mwingine. Mninga ule ule, mguu ule ule wa kitanda, mishipa ya mbao ikifanana. Ila ulikuwa umegeuzwa.

"Nilichonga ile siku," alisema. "Nilichukua forme ya mukono ya kuume, nikageuza tu, sawa viatu. Kama hautaki, nitatia mu moto. Mbao ni yako."

Nilitaka kumwambia autie motoni. Wallahi nilitaka. Badala yake nikauchukua, na sikuwa na haja ya kuurekebisha. Mkono wa kushoto ulijua njia. Kidole gumba kililala kitandani mwake, vidole vitatu vikajipanga, na kile cha kufyatulia kikabaki huru, kimetulia. Nikasimama pale katikati ya vumbi la mbao nimeshika mpini usio na bastola, nimenyoosha mkono kuelekea kabati la mtu, na mkono haukutikisika. Nilihesabu mpaka thelathini. Nilitaka kulia, na nikamkasirikia fundi kwa kunitazama.

"Eish, grand," alisema kwa sauti ndogo.

Zilibaki wiki mbili. Nilienda uwanjani mara nne, siku za kazi ambapo hakuna watu, na kila mara nilipiga kwa kushoto. Kulikuwa na karaha zake: kitufe cha usalama kiko upande usionisaidia, na maganda ya risasi yanarukia kulia, moja liliniingia kwenye kola likiwa bado la moto nikacheza ngoma isiyo na jina. Lakini karatasi! Siku ya kwanza themanini na nne. Siku ya nne tisini na moja. Anko alisimama nyuma yangu dakika nyingi. Kisha akaninyang'anya miwani, akabandua utepe kwenye kioo cha kushoto, akaubandika kwenye cha kulia, akanirudishia. "Miaka sita nilikuwa natibu jicho," alisema, "kumbe mgonjwa ni mwingine." Tukakubaliana kwamba Jumamosi nitapiga kwa kushoto.

Ijumaa jioni mama akatangaza kwamba anakuja.

Nilimpa kila sababu. Mbali, kelele, jua, wanaume tu. Akasema atavaa vile vya kuziba masikio, na kwamba hakupanda ndege kuja kutazama kochi. Nikaenda chumbani nikakaa kitandani. Mtu wa miaka arobaini na minane, mwenye mvi, mwenye leseni ya serikali, nilikuwa naogopa mama yangu asije akaniona nimenyoosha mkono wa kushoto mbele za watu. Nilijiambia ni ujinga. Nikautoa mpini wa kushoto kwenye bastola, nikafunga wa kulia. Wa kushoto nikauviringisha kwenye taulo nikautia chini kabisa ya begi. Utepe wa miwani nikauhamisha. Labda kesho mkono wa kulia utanihurumia, ndivyo nilivyojidanganya.

Asubuhi ile kulikuwa na unyevu wa kunata, jua bado halijapanda. Kwanza tulipimwa vifaa. Anko anaishika bastola mtutu ukitazama juu, mzigo wa kilo moja ukining'inia kwenye triga, na triga inatakiwa iubebe bila kufyatuka. Yangu ilibeba. Alipoinua macho akaona mpini. Akaona na utepe. "Una uhakika?" aliniuliza. Nikasema ninao. Nyuma ya kioo kikubwa, kwenye viti vya wageni, mama alikuwa amekaa wima na baibui lake jeusi, vizibo vya masikio vyekundu juu ya mtandio, mkoba mapajani.

Risasi thelathini, kwa mafungu matatu ya kumi. Fungu la kwanza ni la taratibu, una muda wa kutosha, yaani muda wa kutosha wa kuharibikiwa. Niliinua mkono wa kulia. Ncha ya kilengeo ilianza kuchora miduara yake. Nilisubiri itulie, ikazidi, nikashusha. Nikainua tena. Jasho likaingia kwenye jicho pekee lililokuwa wazi. Nilivuta triga kwa hofu, na risasi ikaenda chini kushoto, nikaiona ikienda, kama glasi inavyokuponyoka ukijua itavunjika. Ya tatu, ya nne. Kiwiko kikaanza kuuma. Kushoto kwangu msichana alikuwa anapiga kwa mwendo mmoja, kama mtu anayeshona. Mpaka ya kumi nilikuwa nimeshalijua jibu. Sabini na tano. Yeye themanini na saba.

Silaha zikafunguliwa zikawekwa mezani tupu, bendera nyekundu ikapanda, tukapewa dakika kumi na tano. Nilitoka kwenda kunywa maji. Mama alikuwa amesimama mlangoni, vizibo shingoni, na uso wake ulikuwa umekunjana nisivyowahi kuuona.

"Ule mpini mwingine uko wapi?"

"Upi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Nimeuona juzi mezani kwako ulipokuwa bafuni. Nikautia mkono wangu." Akainua kiganja cha kushoto, kile chenye kovu. "Ukanikaa."

Sikuelewa. Nilimtazama kiganja, nikamtazama yeye. Kwa mbali nilisikia Anko akimwita mtu.

"Bibi yangu mzaa mama aliuweka mkono wangu kwenye jivu la moto," alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Akaushikilia mpaka nikaacha kulia. Mafuta ya maandazi niliyatunga mimi. Ulipozaliwa nikakuona unanyonya kidole cha huko huko, nikasema huyu hataungua. Nikakufunga kwa kanga tu. Miaka yote hii nilijua nimekuonea huruma."

Nilikuwa na hasira. Niseme ukweli, mbele ya mama yangu mzee aliyesimama kwenye mlango wa watu, nilikuwa na hasira ya mtoto wa miaka minne ambaye fundo liko mgongoni. Na ndani ya hasira ile ile nilikuwa namwona msichana mdogo mwingine, mkono umeshikiliwa jivuni.

"Dakika zinakwisha, baba," alisema mama. "Nenda kabadilishe mkono."

Nilikimbia. Nilimwomba Anko ruhusa, naye akafungua kitabu cha kanuni akapekua kurasa huku saa ikienda, akasema hakuna linalokataza mtu kubadilisha mkono, ila kifaa kipimwe upya. Skrubu ilinigomea kwa sababu vidole vilikuwa vimelowa. Ikakubali. Mpini wa kulia nikautupia begini, wa kushoto ukakaa mahali pake. Anko akaning'iniza tena kilo moja kwenye triga, watu wote wamesimama wanatazama, na kwa sekunde moja mzigo ule ulicheza na mimi nikaacha kupumua. Triga ikabeba. Nikabandua utepe, nikauhamishia kioo cha kulia. Bendera ikashuka.

Sitaki kujisifu, lakini mafungu yale mawili nayakumbuka risasi kwa risasi. Mkono ulipanda wenyewe ukasimama. Jicho langu, lile lililofungwa miaka sita, lilikiona kilengeo kikiwa kikali na cheusi. Ganda la moto lilinipiga kifuani, sikutikisika. Tisini na tatu. Halafu tisini na moja. Sikugeuka kutazama kioo hata mara moja.

Anko alijumlisha kwa chaki ubaoni, kama darasani. Mia mbili sitini na mbili kwa msichana. Mia mbili hamsini na tisa kwangu. Pointi tatu. Aliandika jina la msichana la nne kwenye orodha, na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kisha akanijia akanishika bega. Alikuwa ameshapiga hesabu ile ile niliyoipiga mimi, nilimwona machoni: fungu moja tu la kwanza, risasi kumi za adabu. Alisema kutakuwa na mwaka mwingine. Nikaitikia. Nilimpongeza msichana, naye akanishika mkono wa kushoto bila kufikiri, kwa kuwa ndio niliokuwa nimeunyoosha.

Mama alikuwa bado amekaa kitini nyuma ya kioo. Nilimwendea na karatasi ya fungu la pili, matundu yote yamejibana katikati, mahali pa kuweza kufunikwa na kisahani cha kikombe.

"Umeshinda?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Nimeshindwa kwa tatu."

Aliinamisha kichwa. Hakuuliza tatu hizo zilipotelea wapi. Akasema, "Lete hiyo nione."

Karatasi ilikuwa mkono wa kushoto. Kama nilivyofanya maisha yangu yote nikiwa na kitu cha kumpa mama, nikaihamishia kulia, nikamnyooshea. Hakuipokea. Mkono wake wa kulia ulibaki juu ya mkoba. Akanyoosha ule mwingine, kiganja wazi, kovu likitazama juu, akaninyooshea hivyo mbele ya watu wote na kusubiri.

Nikairudisha karatasi kushoto, nikampa. Akaipokea, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, akaniambia twende nyumbani ana njaa.